Aliyefungiwa Chumbani

Katika nyumba kadha za Karagwe na Kyerwa twasikia neno hili: "Mfungieni mlevi siku tatu, ataacha." Neno hili laweza kuua. Hatusemi habari ya kikombe cha rubisi arusini. Twasema mwili uliozoea gongo kila siku. Ukinyimwa ghafula hutetemeka, huona yasiyokuwako, pengine hushikwa na kifafa. Basi kwanza aonwe na waganga, Nyakahanga au Isingiro.

Wengine hunena kwamba methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 kwa watumiao heroini, ni ulevi mwingine tu. Sivyo. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia maumivu ya kuacha, bila kumlewesha aliyepimiwa sawasawa. Naye arudiaye ulevi apelekwe tena, kama tumpelekavyo aliyerudiwa na malaria.