Simu yangu iniachie shata

Kuna picha ambayo simu nyingi za siku hizi zinashindwa kupiga, ilhali kamera kuukuu ya filamu yenye alama ya B inaipiga bila jasho. Ni ile ya kuchora kwa mwanga. Na tatizo, wasomaji wangu, haliko kwenye lenzi. Liko kwenye programu.

Kwa wasiojua, mambo ni rahisi. Funga tochi ndogo kwa uzi, ining'inie darini ikitazama chini. Laza kamera sakafuni ikitazama juu. Weka ISO 100, kitundu cha lenzi f/8, shata ikae wazi sekunde 30. Zima taa, isukume tochi izunguke. Kila mzunguko unakuwa mdogo kuliko uliotangulia kwa sababu tochi inaishiwa nguvu, na mwishowe unapata mistari iliyozungukana kama ukindu wa kawa. Ukiziba lenzi kwa karatasi angavu ya peremende katikati ya safari, rangi nayo inabadilika.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1935 Man Ray alijipiga picha akichora hewani kwa taa. Mwaka 1949 mpiga picha Gjon Mili alimfuata Picasso kule Vallauris, Ufaransa, naye Picasso akachora gizani kwa taa ndogo, picha zikatoka katika jarida la Life. Kompyuta haikuhusika.

Sasa chukua hali ya usiku ya simu, kwa mfano Night Sight ambayo Google waliitoa mwaka 2018. Badala ya kuacha shata wazi mfululizo, inapiga picha nyingi fupi, inazilinganisha, halafu inaziunganisha. Kilichosogea kati ya picha moja na nyingine kinahesabiwa kuwa dosari ya kupunguzwa. Kwa picha ya harusi usiku, hesabu hiyo ni safi kabisa. Lakini kwetu sisi, kilichosogea ndicho picha yenyewe!

Utasema, si tuandike programu yetu? Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 kuna Camera2, inayoweza kuiamuru shata ikae wazi muda gani. Lakini mtengenezaji wa simu ndiye anayeamua kama mlango huo utafunguliwa, na kwa sekunde ngapi. Wengine wameufunga kabisa. Unaweza kuunganisha picha fupi na kubakiza pikseli zinazong'aa zaidi, ila kukiwa na pengo kati ya picha na picha, mstari wako unatoka umekatikakatika.

Sipingi simu kujiamulia mambo. Mama anayempiga mtoto picha hana haja ya kujua ISO ni nini. Ninachopinga ni kufuli. Kwa vijana wengi hapa Kenya simu ndiyo kamera pekee waliyo nayo, na kuwafungia shata ni kuwaamulia picha watakazopiga maisha yao yote.

Kwa hiyo ukienda kununua simu, fungua kamera hapo hapo dukani, tafuta hali ya Pro, uone shata inafika sekunde ngapi. Isipofika hata 10, mrudishie muuzaji na umwambie sababu. Tukiwa wengi wa kuuliza hivyo, habari itapanda hadi kiwandani.