Fundi, Rudisha Balbu ya Mzee Wangu

Wacha nianze na hasira, maelezo yatafuata. Kuna fundi hapa Nairobi aliyelipwa na baba yangu shilingi 1,500 kurekebisha taa ya ABS kwenye pikapu. Kazi aliyofanya ni kufungua dashibodi na kuchomoa balbu. Basi. Mzee akashukuru, akaendelea kupakia viazi Njabini na kuvileta mjini kwa miezi 7, akiamini breki zake ziko sawa.

Niligundua kwa bahati tu, Jumapili moja aliponipa ufunguo nisogeze gari. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya ABS hupaswa kuwaka kama sekunde 3 hivi, kisha izime yenyewe. Hapo kompyuta ya breki inajipima. Hii haikuwaka kabisa. (Wajanja zaidi huiunganisha na taa ya chaji ili zizime pamoja injini inaponguruma. Ukienda kununua gari la mtumba, fungua swichi, usiwashe injini, halafu tazama kama ya ABS inazima peke yake.)

Tukaenda kwa fundi wa pili, gereji yenye sakafu safi na risiti za kuchapishwa. Alichomeka kile kifaa kidogo cha bei rahisi cha kusoma hitilafu, hakikuonyesha kitu, naye akatangaza kwamba pampu ya ABS imekufa. Shilingi 85,000! Jamani, kifaa kile kinasoma injini. Sheria ya Marekani ya kuanzia magari ya 1996 iliwalazimisha watengenezaji kutumia lugha moja kwa mambo ya moshi wa injini. Breki kila kampuni iliachiwa lugha yake. Kutoona kitu hapo hakuthibitishi lolote.

Mimi naandika programu kwa riziki. Kazini, ukinasa hitilafu kisha ukainyamazisha, programu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, utaitwa ujieleze. Nimewahi kulifanya hilo mwenyewe kwenye mfumo wa malipo, na wateja ndio walionifumania. Lakini hakuna mteja wangu aliyekuwa kwenye ukungu wa Kimende, lami imelowa, viazi vimejaa nyuma.

Najua jibu la mafundi: "Gari linashika breki vizuri tu, ABS ni mbwembwe." Nusu yake ni kweli. Taa hiyo ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zinafanya kazi. Hata nikubali kwamba kwenye changarawe ABS inaweza kuurefusha mwendo wa kusimama. Ila bila ABS, ukikanyaga kwa hofu, matairi ya mbele yanaweza kukwama, na tairi lililokwama halisikii usukani. Unazungusha, gari linakwenda mbele vilevile. Dereva ana haki ya kujua kama kinga hiyo ipo au haipo.

Na kujua kwenyewe si uchawi. Nilirudisha balbu kwanza. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile, unazima swichi, unaunganisha tundu la 4 na la 13 la soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya (hesabu vizuri, la 16 lina moto wa betri), kisha unafungua swichi. Taa ikaanza kupepesa: mara 3, kimya kidogo, mara 1. Namba 31: sensa ya tairi la mbele kulia. Gari lilikuwa likilia hivyo muda wote, fundi akaliziba mdomo.

Sensa hiyo ni koili na sumaku mbele ya pete yenye meno. Nikapima kwa mita: upande wa kushoto kilo-omu 1.1, wa kulia karibu vilevile. Nusura nikate tamaa. Kisha nikaukunja waya pale unapopinda usukani ukikata kona, namba ikapotea. Shaba ilikuwa imekatika ndani, plastiki ya nje ikabaki nzima. Nilikata kipande hicho, nikaweka waya mpya, na kulehemu mahali pasipocheza, maana lehemu ikipindwapindwa hukatika tena. Vifaa vyote havikufika shilingi 400.

Kufuta namba ni kukanyaga pedali mara 8 ndani ya sekunde 5, kile kipande cha waya kikiwa bado mahali pake. Tukakichomoa, tukatoka kwenye barabara ya murram isiyo na watu. Mzee akafika kilomita 40 kwa saa na kukanyaga kwa nguvu. Pedali ikatetemeka chini ya mguu wake, akashtuka, akadhani nimeiharibu.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Hiyo ndiyo ABS. Miezi 7 hukuwa nayo."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza gereji ya yule fundi wa kwanza hufunguliwa saa ngapi.