Kuunda Kompyuta, au Kuitengeneza Iliyokufa?

Swali la kama mwanagenzi aunde na kutengeneza kompyuta yake mwenyewe, au amwachie fundi, limezuka mara kwa mara katika vipindi vyetu vya TEHAMA, na hata katika mazungumzo ya bwenini. Wanachuo wamegawanyika. Wapo wasemao kwamba kazi ya mwalimu wa shule ya msingi ni kufundisha, wala si kufungua masanduku kwa bisibisi. Wapo pia ambao, baada ya kutazama filamu fupifupi za vijana wa ng'ambo wakiunganisha mashine zenye taa za rangirangi, wameanza kudunduliza fedha ili wanunue vipuri kimoja kimoja. Sisi hatukubaliani na kundi la kwanza, na kundi la pili twalionea huruma kidogo. Twaona kwamba mwanagenzi na aanze na kompyuta iliyokufa.

Yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe "kuunda". Mnamo Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani liliitangaza kompyuta iitwayo Altair 8800, ambayo mnunuzi aliweza kuletewa vipande vyake kwa posta. Haikuwa na kioo wala vitufe vya herufi. Ilikuwa na swichi na vitaa usoni, na kumbukumbu yake ya awali ilikuwa baiti 256 tu. Mwaka 1981 huko Uingereza, Sinclair ZX81 iliuzwa pauni 49.95 ikiwa vipande, na pauni 69.95 ikiwa imekwisha kuundwa. Aliyechagua vipande aliketi akavichomea kwa risasi kimoja baada ya kingine, akajua kila kimoja kimekaa wapi. (Hapa kwetu Tanzania uingizaji wa kompyuta ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1974, kwa hiyo hayo yote yalitupita kando.)

Siku hizi vipande huja vikiwa vimekamilika. Kazi ya muundaji ni kuchomeka na kukaza skrubu. Mambo yakienda sawa, mashine huwaka baada ya saa mbili au tatu, naye hajui kwa nini imewaka. Yakienda mrama, fedha zake zimekwama: kadi ya kumbukumbu ya aina ya DDR4, kwa mfano, haiingii katika nafasi iliyotengenezwa kwa DDR3, kwa kuwa pengo lililochongwa ukingoni mwake limewekwa mahali pengine. Kwa mtu anayeishi kwa fedha za nyumbani, hilo si somo la bei nafuu.

Kompyuta iliyokufa hufundisha kwa njia nyingine, maana humlazimisha mtu aulize sababu. Tuchukue hitilafu moja ambayo mwanachuo hatakosa kukutana nayo akifika kazini. Kompyuta ya ofisi inawaka vizuri, lakini kila tovuti inayofunguliwa inakataa na kutoa onyo la usalama. Walimu wanalaumu mtandao. Wananunua kifurushi kingine, nacho kinaisha bila faida. Laiti mmoja wao angetazama pembeni mwa kioo, angeona kwamba saa ya mashine inasoma tarehe ya miaka mingi iliyopita. Ndani ya sanduku, juu ya ubao mkuu, mna betri ndogo mviringo kama sarafu, yenye nguvu ya volti 3, iitwayo CR2032. Ndiyo inayoitunza saa wakati umeme umezimwa. Ikiisha, saa hurudi nyuma kila mashine inapochomolewa ukutani. Tovuti nazo hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani kwamba bado ni zamani hukiona cheti halali kuwa hakijaanza kutumika. Hivyo mtandao unashutumiwa kwa kosa la betri inayopatikana hata kwa wauza saa.

Mtu aliyeufuata mnyororo huo kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo ametumia akili ileile itakayohitajika darasani. Mtoto akiandika kwamba 42 kutoa 17 ni 35, mwalimu asiye na subira husema "amekosa" na kumpa hesabu kumi zaidi za namna ileile. Lakini mtoto huyo hakubahatisha. Ametoa tarakimu ndogo katika kubwa kwenye kila safu: 2 katika 7, na 1 katika 4. Ana kanuni, ila ni kanuni mbaya, na hesabu kumi zaidi zitaikomaza. Fundi mzuri hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha hujaribu; akibadilisha viwili pamoja, hawezi kujua ni kipi kilichoponya. Mwalimu anayebadilisha kwa siku moja mbinu, zana na makundi ya wanafunzi yumo katika giza hilohilo.

Hoja moja ya wapinzani wetu ni nzito nasi hatuipuuzi. Wanasema kwamba mwalimu akianza kutengeneza kompyuta, wenye wajibu wa kuzitunza watakaa kimya, na mzigo utaongezeka juu ya mtu ambaye tayari ana madaftari mengi ya kusahihisha. Ni kweli, na jambo hilo huweza kutokea. Hata hivyo mwalimu anayeandika "kompyuta ni mbovu, tunaomba msaada" huweza kungoja mwaka mzima, na yule anayeandika "tunaomba betri moja ya volti 3 na feni moja" amemwondolea mkubwa wake kisingizio. Tena fundi humstahi mteja anayejua kwamba ubao mkuu haufi kila juma.

Mipaka lazima iwepo. Kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani kisifunguliwe na mwanagenzi kamwe, kwa sababu ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Vioo vya zamani vyenye tumbo nyuma ni hatari zaidi. Katika sehemu nyingine, mtu achomoe waya, abonyeze kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha aguse chuma cha sanduku kabla ya kugusa kumbukumbu. Na mashine yenye alama za mitihani si ya kujifunzia, hata Mwalimu Mkuu akikubali.

Jambo jingine, lisilozungumzwa vya kutosha: katika vikundi vya kazi, bisibisi hukaa mikononi mwa wanachuo wa kiume, na wa kike huachiwa kalamu ili waandike ripoti. Mkufunzi anayeliacha lipite anawafundisha wote somo ambalo halimo katika muhtasari. Bisibisi na izunguke kwa zamu, na kalamu vilevile.

Twapendekeza basi kwamba kila kikundi cha wanachuo wanne kipewe kompyuta moja iliyokwisha kuandikwa katika leja kuwa chakavu, kwa kibali cha maandishi, na kukaa nayo muhula mmoja. Wafute vumbi la feni, wachomoe kumbukumbu na kusugua meno yake kwa kifutio safi, wabadilishe betri, waandike kila walichogusa na kilichotokea. Baadhi zitawaka. Zisizowaka zibaki zimefunguliwa juu ya meza, zichomolewe kabisa, zikatwe waya wa umeme, na wakati wa mazoezi ya kufundisha zipelekwe darasa la tano, watoto wazishike kwa mikono yao.