Binti Akitapika, Ulizeni Swali la Pili

Msichana wa bweni akisikika anatapika chooni baada ya chakula, hapa Mbeya hata Iringa, mara nyingi hatua inayofuata inajulikana. Matroni anampeleka zahanati akapimwe mimba. Ikionekana hana, anapimwa malaria na taifodi, anapewa dawa za vidonda vya tumbo na kurudishwa darasani. Hakuna anayemuuliza swali la pili: kama amejitapisha mwenyewe, na kwa nini. Tunasema wazi kwamba kuishia hapo ni kuacha wajibu njiani.

Upo ugonjwa uitwao bulimia. Mgonjwa hushikwa na hamu asiyoweza kuizuia, akala kwa siri na kwa pupa, kisha aibu na hofu ya kunenepa zikamsukuma kujitapisha, kumeza dawa za kuharisha au kujinyima chakula. Daktari Gerald Russell wa London aliueleza mwaka 1979 kutokana na wagonjwa 30 aliowatibu. Kwa anayedhani hayo ni mambo ya Wazungu peke yao, utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohoji wasichana na wanawake 214 hapa Tanzania, ulikuta dalili za maradhi ya ulaji zipo, na zikihusiana na kutazama vyombo vya habari vya Magharibi. Wakati huo hakuna msichana wa Mbeya aliyekuwa akipitisha usiku kutazama picha za viuno kwenye simu. Leo wapo wengi, na pembeni ya picha hizo kuna mtu anawauzia chai ya kupunguza tumbo.

Kinachotuponza zaidi ni mazoea ya kusoma afya ya mtu kwenye umbo lake. Mikoa yetu imeumizwa sana na Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya kwa watu wazima. Kwa hiyo anayekonda hunong'onwa, na mwenye mwili wake huambiwa amependeza. Mgonjwa wa bulimia mara nyingi hakondi. Anaumwa huku anasifiwa. Dalili ziko kwingine: mashavu yaliyovimba karibu na masikio, meno yaliyolika, kwenda chooni kila baada ya mlo, chakula kinachotoweka kabatini. Hatari yenyewe haionekani kwa macho. Kutapika na kuharisha humaliza potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Anayezimia, anayesikia moyo ukienda ovyo au anayetapika damu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, si baada ya mitihani.

Ugonjwa huu unatibika. Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya mazungumzo, iliyojengwa na Christopher Fairburn wa Oxford, na mojawapo ya nguzo zake za mwanzo inashangaza kwa urahisi wake: kula kwa saa. Milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu katikati, bila kuachia nafasi inayozidi saa nne hivi, hata kama jana ilikwenda vibaya. Sababu ni kwamba anayejinyima mchana kutwa ndiye anayezidiwa usiku. Njaa huzaa ulaji wa pupa, pupa huzaa kujitapisha, na aibu humrudisha kwenye kujinyima. Mnyororo huo huanza kukatika pale mgonjwa anapopata uji na kiazi asubuhi, chai na andazi saa 4, ugali na maharage mchana, parachichi au ndizi saa 10, na wali jioni. Hakuna chakula haramu katika orodha hiyo, na wali wa Kyela si adui wa mtu.

Sasa itazameni shule ya bweni. Ina kengele, ina bwalo, ina wenzake mgonjwa wa kukaa nao mezani. Vitu ambavyo mgonjwa anayeishi peke yake lazima ajitengenezee kwa taabu, sisi tunavyo tayari, kisha tunaviharibu. Palipo na chakula cha jioni saa 11 na uji wa saa 1 asubuhi, mwanafunzi anakaa saa 14 bila kitu tumboni. Palipo na mwalimu anayemnyima mtu mlo kwa kosa la kuchelewa, au anayewapima uzito wasichana mbele ya darasa na kucheka "kibonge", shule inauchochea ugonjwa. Mkuu wa shule anayeruhusu hayo anawajibika kwa matokeo yake. Tunamtaka aongeze kitafunwa cha usiku, hata kama ni kikombe cha uji, na apige marufuku adhabu ya njaa.

Mzazi naye asimsimamie mtoto kama askari, akihesabu matonge. Akae naye baada ya mlo, wapukuchue mahindi, wazungumze ya shambani, mpaka ile saa ngumu ipite. Aache kabisa maneno ya "umenenepa" na "umepungua". Akijua mtoto ametapika, ampe maji asukutue kinywa na asimharakishe kupiga mswaki, maana asidi iliyobaki hulainisha meno. Siku moja ya kuteleza isifanywe kesi ya ukoo.

Na wachungaji, mapadri na masheikh, katika mji wenye nyumba nyingi za ibada kama huu, wajue kwamba mfungo huweza kuwa maficho ya mgonjwa. Aliyeko kwenye matibabu wamwambie kwa kinywa chao kwamba hapaswi kufunga. Neno hilo likitoka kwao binti atalipokea bila kujiona ametenda dhambi.

Serikali imetiliana saini mikataba ya lishe na wakuu wa mikoa, na ina haki ya kuwabana kuhusu udumavu. Utafiti wa 2022 uliikuta Iringa, mkoa unaolisha wengine, na karibu asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Hatuombi kazi hiyo ipunguzwe. Tunaomba afisa lishe anayefika shuleni akague pia ratiba ya milo na adhabu za bwalo, na wahudumu wa zahanati wafundishwe kuuliza swali la pili faraghani, bila karipio, kisha waandike rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili.

Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilifungua mlango kwa wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua warudi darasani. Binti anayetibiwa bulimia anahitaji kidogo kuliko hayo: ruhusa ya kwenda kliniki kila wiki, siri yake itunzwe, na nafasi yake isiguswe. Wakuu wa shule wana mamlaka ya kuitoa ruhusa hiyo leo, bila kusubiri waraka.