BREKI NI MALI YA NANI?



Wengi wenu mnaoendesha malori na mabasi mnatumia breki za upepo. Twapenda mjue habari ya kesi moja ya breki hizo, kwa maana ina fundisho kwetu.

Zamani katika reli za Marekani treni ya mizigo ilisimamishwa kwa mikono. Watu wa breki walipanda juu ya mabehewa, katika mvua na barafu, wakipita toka behewa hata behewa na kuzungusha breki moja moja. Wengi walianguka wakafa. Mwaka 1869 George Westinghouse alipata hati ya uvumbuzi, yaani patenti, ya breki ya upepo iliyofungwa na dereva toka kwenye injini. Lakini katika treni ndefu mabehewa ya nyuma yalichelewa kufunga, yakagonga ya mbele. Mwaka 1887 akapata hati nyingine, ya vali iliyofunga breki upesi katika treni nzima.

George Boyden naye akatengeneza vali yake. Kampuni ya Westinghouse ikamshtaki kampuni yake kwamba imevunja hati hiyo. Kesi ilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Marekani, nayo mwaka 1898 ikampa Boyden ushindi: kufikia mwisho ule ule si kosa, ikiwa njia yako ni nyingine kweli.

Sisi hatuna ugomvi na mvumbuzi. Na apate haki yake. Lakini tazameni: kesi ilikuwa juu ya mwenye vali, si juu ya mtu aliye juu ya behewa. Mtu huyo aliteremshwa na sheria ya mwaka 1893, iliyoamuru treni ziwe na breki ambazo dereva aweza kuzitumia bila ya kumpandisha mtu juu. Hata hapo makampuni yaliongezewa muda mpaka mwaka 1900. Hesabuni wenyewe: toka 1869 ni miaka 31. Chombo kilikuwapo, na watu waliendelea kufa.

Basi tusidhani ya kuwa chombo kizuri kitamfikia mfanya kazi chenyewe. Hapa Kenya sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na tajiri asimfukuze aliyeondoka mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuogopa hatari hiyo. Haki hiyo ni yako, wala haina patenti.

Dereva, breki ikiwa mbovu, usikubali kuambiwa "peleka tu, tutatengeneza kesho." Andika ripoti, tia tarehe na namba ya gari, mpe msimamizi, na nakala moja umletee katibu wa tawi. Neno la mdomo hukanwa, karatasi haikanwi. Nasi tukiwa na karatasi, tutasimama nawe.