Kamera ya Kikundi: Tusidanganywe na Namba

Wapendwa akina mama, vikundi vyetu huchanga kidogo kidogo hadi kupata kamera ya harusi, ubatizo na kipaimara. Dukani tutaonyeshwa kamera za dijitali zenye kuvuta vitu vya mbali, na kuambiwa kwamba namba kubwa ndiyo bora. Tusikubali upesi.

Nikon P1000 ya mwaka 2018 huvuta mara 125, hata mashimo ya mwezini huonekana. Lakini ina uzito wa kilo 1.4, mkono huchoka na picha hutikisika. Canon SX70 ya mwaka huohuo huvuta mara 65, na uzito wake ni gramu 610 hivi. Sony RX10 IV ya mwaka 2017 huvuta mara 25 tu, ila sehemu yake ya kupokea mwanga ni kubwa kama mara nne kuliko za hizo mbili. Kanisani penye mwanga hafifu, hiyo ndiyo itakayoonyesha vizuri uso wa bibi harusi. Ilipotoka, bei yake ilikuwa kama mara tatu ya Canon.

Basi, kwa picha za nje Canon yatosha. Ndani, tumwombe mchungaji ruhusa, tusogee karibu. Hatua kumi za miguu hazina bei. Fedha hizi zina senti za wajane pia. Tuhesabu gharama kwanza, kama tufundishwavyo katika Luka 14:28.