Fundi, Umepima Lakini?

Wasomaji wangu, leo naiweka kompyuta kando kidogo maana nimekasirika.

Gari langu ni la mwaka 2004 na kiti cha dereva husogezwa kwa umeme. Mwezi jana kiligoma kikiwa kimerudi nyuma kabisa. Bonyeza swichi yoyote, kimya. Dada yangu, ambaye ni mfupi na huliendesha kuliko mimi, akawa anaweka mto mgongoni ndipo mguu ufike kwenye breki. Hebu fikirieni anafunga breki ghafla na mto unateleza.

Nikaenda gereji. Fundi akachungulia chini ya kiti, akainuka.

"Mota imekufa, boss. Nunua kiti kizima, nitakutafutia."

"Umepima lakini?"

"Hizi nimeziona nyingi."

Ameziona nyingi! Kiti hicho kina mota kadhaa: ya kusogea mbele na nyuma, ya kulaza mgongo, ya kupanda na kushuka. Zote zife siku moja? Vitu vingi vikinyamaza pamoja, unaanza na kile vinachotumia pamoja: fyuzi, waya unaoleta umeme, soketi ya chini ya kiti, au waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Ingenyamaza mota moja tu, hapo ningemsikiliza.

Nikarudi nyumbani na maltimita yangu. Fyuzi nzima. Kwenye soketi nikapata volti 12, lakini nikibonyeza swichi zinaporomoka karibu na sufuri. Hapa wengi hudanganyika. Waya wenye kutu hupitisha umeme wa kuamsha mita, si wa kuzungusha mota. Ule mguu wa mita uliokuwa kwenye waya wa bodi nikauhamishia kwenye chuma chenyewe cha gari. Nikabonyeza tena: volti 12 hazikutikisika. Basi ubovu uko kwenye waya wa bodi. Bolti yake, chini ya kapeti, ilikuwa imeliwa na kutu. Nikaipiga msasa, nikaikaza, kiti kikaondoka mbio.

(Ukijaribu mwenyewe: waya wa manjano chini ya kiti kwa kawaida ni wa mifuko ya hewa. Huo usiupime kabisa, na toa waya wa betri kabla ya kuchomoa soketi yoyote.)

Mafundi watasema mteja hakubali kulipia kupima. Ni kweli, na hapo tuna makosa: tunalipia kipuri tunachokiona kwa macho, nusu saa ya kufikiri tunataka bure. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuniuzia kiti? Na sisi wa kompyuta tusicheke sana, maana wangapi wetu hufomati mashine ya mteja kila Windows ikikwama, bila hata kuuliza nini kimebadilika?

Jana fundi alinipigia simu. Amepata kiti, ila rangi ni tofauti.